Tawi Lililoelekea Kusini

Tawi lile lilielekea kusini, na kusini ndiko upepo ulikotoka. Hapo ndipo shida yote ilipoanzia.

Fundi Tulinave Mligo aliuzungusha mti juu ya meza yake ya duara, akiutazama kwa jicho moja kama mnunuzi asiyetaka muuzaji ajue amependa. Ulikuwa mpaini wa kimo cha mkono, umepandwa kwenye chungu cha bapa, shina limelala upande. Matawi mengine yote yalikuwa yameshakubali kwenda kaskazini, sindano zake zimechambuliwa moja moja mpaka ukiutazama unajikuta umekaza koti. Mkao wa upepo, ndivyo mafundi wa miti ya chunguni wanavyouita. Mti unaonekana umepigwa na dhoruba maisha yake yote, hata kama haujawahi kutoka nje ya karakana. Sharti lake ni moja tu: kila kitu kielekee upande mmoja. Tawi moja likikaidi, mtazamaji haoni upepo tena, anaona fujo.

Na tawi la kusini lilikuwa limekaidi. Tulinave alishalifunga katani mbichi ili gome lisipasuke, akalizungushia waya mnene wa shaba, akalivuta kwa kamba iliyofungwa ukingoni mwa chungu, kidogo wiki hii, kidogo wiki ile. Akilegeza kamba tu, linarudi kusini.

"Mti mgumu," alijisemea, "na aliyemo ndani yake alikuwa mgumu zaidi."

Aliyemo ndani alikuwa marehemu Ladislaus Mgaya, Mbena wa Njombe, mpanda miti. Katika siku zake za mwisho matabibu walizichota kumbukumbu zake na kuzipandikiza kwenye matumba ya mche huo, kipindi hiki cha maisha tumba hili, kipindi kile tumba lile. Mche ukakuzwa kwa dawa, ukafikia utu uzima kabla matanga hayajaanuliwa, kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Kila tawi likawa na fungu lake la mzee. Shaba ndiyo iliyomtoa: waya uleule wa kukunjia tawi, ukiuunganisha na kisanduku cha sauti kilichokaa pembeni mwa meza, mti unazungumza. Kwa hiyo fundi wa miti hii hakunji mti kimyakimya. Anamkunja mtu huku mtu mwenyewe akipiga soga.

Tawi la juu lilisimulia utoto wa Lupembe, ukungu na viazi vya kuchoma. La katikati lilikuwa na ndoa yake. La chini kabisa lilikuwa na Edigna, bintiye wa pekee, amebebwa mabegani akihesabu mipaini na kukosea kila akifika ishirini. Tulinave alilipenda hilo kuliko yote. Alikuwa akilisikiliza hata siku ambazo halikuwa na kazi ya kufanyiwa.

Tawi la kusini hakulipenda.

Mlango uliitambua sauti ya Edigna ukafunguka. Aliingia akiwa bado na vumbi la chaki ya shule anakofundisha, akavuta kiti, hakusalimia.

"Limekubali?"

"Halijakubali, dada."

"Hebu niwekee nilisikie tena."

"Ulilisikia juzi ukalia njia nzima."

"Niwekee, fundi."

Tulinave aliunganisha waya, akapunguza sauti mpaka ikawa ya kunong'ona. Sauti ya mzee ikatoka, nzito, ya mtu aliyefurahia kila neno:

"Mbano! Mwizi mkubwa wewe, mla panya usiyeshiba! Ukoo wenu wa Kingoni ulikuja huku kuteka ng'ombe, mkatekwa na pombe ya ulanzi. Miguu hiyo ya kunguru umeitoa wapi? Ukifa sikuchimbii kaburi. Nakutia kwenye gunia la mkaa, na gunia lenyewe nitawadai wanao walirudishe!"

Ukutani, kile kikombe cheupe ambacho kila nyumba na kila karakana ya Njombe ilikuwa nacho kiliwaka manjano. Watu walikiita Sikio. Kikasema kwa upole, kama muuguzi: "Tafadhali, chunga ulimi."

Tulinave alichomoa waya haraka. Edigna alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Baba yangu," alisema baadaye, "hakuwahi kumwita mtu jina baya. Mbwa wetu alimwita bwana. 'Bwana, toka jikoni.' Sasa huyu ni nani? Huyu anayemtukania mtu kabila lake na kumtakia kifo?"

Tulinave naye alikuwa akijiuliza hilohilo. Wote wawili walizaliwa baada ya Kanuni ya Ulimi Safi, na Kanuni hiyo ilizaliwa baada ya miaka mibaya, watu walipotukanana makabila mpaka wakachomeana nyumba. Hakuna aliyeisema vibaya. Ukipewa onyo la manjano unajirekebisha. Ukifika nyekundu sauti yako inafungiwa: mlango haukutambui, duka halikuuzii, gari halisimami. Watoto walilelewa hivyo wakakua na ulimi laini, na kwa kweli mji ulikuwa na amani.

"Mkaguzi wa ukumbi wa miti ya marehemu anakuja kesho," Edigna akasema. "Akilisikia tawi hili hatasema likatwe. Ataudunga mti mzima dawa ya kunyamazisha. Nimeona kwa jirani. Mti umebaki mzuri tu pale ukumbini, lakini ndani hamna mtu."

"Najua."

"Basi likate wewe, leo, baba abaki."

Tulinave alikitazama kisu chake. "Dada Edigna, mpaini si mkaratusi. Mkaratusi ukiukata leo, kesho kutwa umechipua kwa hasira. Mpaini, ukikata ukapita sindano zake za kijani, hapo ndio basi. Hakirudi kitu. Na hiki si kipande cha mti tu. Ni miaka ya mtu, tena mingi. Unene wa tawi hili unaonyesha alilibeba maisha yake yote."

"Chuki ya maisha yote," Edigna akasema. "Ndiyo maana nataka liondoke. Sitaki kumjua huyo mtu. Nataka yule aliyenibeba mabegani." Sauti ikamkatika. "Ni dhambi hiyo, fundi? Kutaka baba niliyemjua?"

Si dhambi, Tulinave alijibu, na alimaanisha. Edigna alipoondoka, fundi alibaki anajiuliza ni nani hasa mwenye haki ya kumpogoa marehemu: aliyempenda, aliyemwogopa, au mtu wa tatu mwenye mkasi.

*

Alipanga kazi ifanyike kwa heshima. Katika mkao wa upepo, upande unaopigwa mara nyingi huachwa na kijiti kilichokufa, kimechunwa gome, cheupe kama mfupa, kuonyesha mti ulivumilia nini. Tawi la kusini angelifanya hivyo. Lingekuwepo, lakini lisingesema tena.

Alianza na ncha, kama fundi nguo anayejaribu mkasi pembeni mwa kitambaa. Ncha ikaanguka mezani na vishada vyake vya sindano. Harufu ya utomvu ikajaa karakana. Tulinave aliweka mkasi chini, akafuta mikono, akachukua kisu cha kuchunia gome.

Mlango ukagongwa kwa kishindo.

"Sauti haitambuliki," mlango ukasema.

"Nitambue, usinitambue, napita!" ilijibu sauti ya nje, na mlango ukapigwa bega mpaka ukaachia.

Aliyeingia alikuwa mzee mwembamba mwenye buti za mpira na koti lililomzidi, na mkononi alishika gunia tupu la mkaa, limekunjwa vizuri kama shuka.

"Shikamoo, mzee," Tulinave alisema, kwa kuwa hofu haiondoi adabu.

"Shikamoo ya Mbena siipokei mpaka ije na kiazi. Yuko wapi yule mwizi? Nimepita kwake nikaambiwa yuko hapa ananyolewa. Amekufa bila ruhusa yangu, unasikia? Habari nimeipata Songea imeshachacha!"

Sikio likawaka manjano. "Tafadhali, chunga ulimi."

"Nawe nyamaza, kikombe usiye na mpini."

Likawaka jekundu. Mzee hakuligeukia. "Usiogope, binti. Mimi nilishafungiwa siku nyingi. Milango yote ya Njombe nimeifungua kwa bega hili."

Tulinave hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama gunia. Alishaambiwa habari za gunia lile, na aliyemwambia alikuwa mti.

"Wewe ni mzee Mbano," alisema.

"Nani kakutajia jina langu?"

Tulinave aligeukia mti. Aliunganisha waya wa tawi la kusini na safari hii akafungua sauti yote.

"Mbano! Mwizi mkubwa wewe, mla panya usiyeshiba!"

Mzee alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha uso wake ulianza kufunguka, kunjo moja baada ya jingine. Ilipofika kwenye ng'ombe na ulanzi alipiga paja. Ilipofika kwenye gunia aliliinua lake juu, akalitikisa mbele ya mti: "Ninalo! Ninalo, mjinga wewe, nimekuja nalo! Nani amemtia nani sasa?" Alicheka mpaka akashika meza, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Kikombe ukutani kilimulika chekundu mfululizo bila kupata nafasi ya kusema.

"Mnatukanana," Tulinave alisema polepole, "na unafurahi."

"Tunataniana, binti! Hamkuambiwa? Babu zetu na babu zenu walipigana wakamalizana. Vita vilipokwisha tukaachiwa ulimi badala ya mkuki. Mngoni akimtukana Mbena, hakuna kesi. Mbena akifa, mimi ndiye nakuja kumtukana maiti, nalala kaburini asizikwe mpaka nilipwe hata kuku, naiga alivyokuwa akitembea. Wafiwa wanacheka wakiwa na machozi. Hapo ndipo msiba unapopata kupumua." Alijifuta pua kwa koti. "Huyu nilipanda naye mipaini tangu tukiwa vijana. Mke wangu alipofariki alikuja akasema maneno ambayo siwezi kukurudia. Nilicheka siku ile. Siku ileile, binti. Nani mwingine angeweza kunifanyia vile?"

Tawi lilikuwa bado linasema. Sauti ya marehemu ilishuka, ikapoteza mzaha wake:

"Halafu sikiliza, Mbano. Kwa kweli sasa. Siku mimi nikitangulia, wewe usi..."

Sauti ikakatika.

Mzee alisogeza sikio. "Endeleza."

Tulinave aliutazama mkasi.

"Endeleza, binti. Anataka kusema kitu."

"Haiendelei, mzee." Alimwonyesha ncha pale mezani, sindano zake bado mbichi. "Nimekata mimi. Sasa hivi, kabla hujaingia. Tulidhani ni chuki. Nisamehe."

Mbano aliiokota ile ncha, akaigeuza kwenye kiganja. Aliisogeza karibu na shaba kama mtoto anayejaribu kurudisha yai kwenye ganda, kisha akaona haifai. Akaitia mfukoni mwa koti.

"Unaona tabia yake?" alisema mwishowe. "Hata kufa hajui. Ameniachia neno nusu."

*

Edigna aliitwa, akaja mbiombio akidhani mti umepasuka. Alikuta mzee asiyemjua amekaa kwenye kiti chake.

"Hili ndilo toto la Ladislaus?" Mbano akauliza. "Pua yake yote, masikini. Nilidhani angalau pua angekufa nayo."

Edigna alirudi nyuma hatua moja na kutazama ukutani. Tulinave alikuwa ameshalifunika Sikio kwa gunia la mkaa. Hilo nalo lilikuwa kosa, lakini siku hiyo makosa yalikuwa yameshazoeana.

Alielezwa. Alielezwa tena. Alisimama na mkoba begani, akilisikiliza tawi la kusini kwa mara ya tatu maishani mwake, na safari hii aliyetukanwa alikuwa amekaa mbele yake, akiitikia kila tusi kama mtu anayeitikia wimbo wa kwao.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza. "Mimi mwanawe."

"Angekuambia wapi? Nyumba yenu imejaa masikio. Tulikuwa tunakutana kule kwenye mashamba ya zamani ya mipaini, ambako hakuna kikombe."

"Jumamosi," Edigna akasema taratibu. "Alikuwa anasema anakwenda kuangalia miti." Akakaa chini, sakafuni. "Alikuwa anarudi sauti imemkauka. Mama alimpikia tangawizi akidhani ni ukungu. Tena alirudi na furaha, siku nzima anaimba. Mimi nilidhani ni miti."

Edigna alilia, si kama alivyolia juzi. Kilichomuuma sasa ni kwamba alikuwa ameagiza furaha ya baba yake ikatwe, na alikuwa ameagiza kwa upendo.

"Tutamweleza mkaguzi," alisema akijifuta.

Tulinave alitikisa kichwa. "Mkaguzi haulizi maana, dada. Anaunganisha kidude chake na kidude kinahesabu maneno. 'Mwizi' ni mwizi, 'mla panya' ni mla panya. Kwamba mtu anacheka, chenyewe hakijui."

"Basi?"

"Basi njia ni mbili. Nimalizie kukata, mti uende ukumbini, upewe maji ya ukumbini, na baba yako azungumze hata na vitukuu wako. Ila atakuwa yule wa mabegani tu. Au tusiupeleke." Alisita, maana alitaka kuwa mkweli. "Bila maji yale sauti hufifia. Mti utaishi, mpaini haufi ovyo, lakini yeye atatoka kidogo kidogo. Miaka michache. Siwezi kukudanganya kwamba ni mingi."

Edigna alimgeukia Mbano. "Na wewe, mzee, unasemaje?"

"Mimi mtani. Mtani hatoi ushauri, anadai kuku." Halafu akainamisha kichwa, utani ukamtoka. "Ni baba yako, mwanangu. Ukimkata, nitakwenda zangu Songea na ncha yangu. Sitakulaumu."

Edigna aliligusa tawi la chini, lile lililombeba. Kisha mkono wake ukahamia tawi la kusini, pale palipokatwa, utomvu ukamganda kidoleni. Alijaribu kuupangusa, haukutoka.

"Nilitaka wajukuu wamsikie," alisema. "Lakini nikiwapa nusu, nitakuwa nimewapa mtu mwingine mwenye sauti yake." Alivuta pumzi. "Usikate tena, fundi. Twende naye nje."

*

Walimpeleka asubuhi, kabla mkaguzi hajaamka vizuri, juu ya kilima yalipokuwa mashamba ya zamani. Mipaini mikubwa ilikuwa imebaki michache, imesimama mbalimbali kama wazee waliosahauliwa mkutanoni. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mabondeni. Edigna alibeba chungu, Tulinave kisanduku cha sauti, na Mbano alibeba gunia, akilalamika njia nzima kwamba Wabena hawana adabu, wanampandisha mgeni mlima bila chai.

Tulinave aliweka chungu juu ya jiwe, akaanza kufungua waya. Tawi baada ya tawi, aliutoa, akabakiza uzi mwembamba wa shaba kwenye la juu, kwenye la chini na kwenye la kusini, wa kusikilizia tu. Hakutaka kulazimisha tena. Huku juu kulikuwa na upepo wa kweli, ule wa kipupwe unaotoka kusini ukiwa na baridi ya kukata masikio, na ulikuwa umeshayashika matawi ya kaskazini na kuyalaza vizuri kuliko mikono yake ilivyowahi. Kazi yake ilikuwa imejifunza upepo wa uongo. Sasa ingejifunza wa kweli.

Tawi la kusini lilibaki vilevile, fupi kuliko jana, likitazama upepo usoni. Fundi yeyote angesema mkao umeharibika. Tulinave alirudi nyuma, akalitazama kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Alitazama lilikoelekea, ng'ambo ya mabonde, barabara ya Songea. Hapo akajua ni kwa nini kamba haikuliweza, akaona haya.

"Haya," Mbano akasema. Alitandika gunia mbele ya jiwe, akavua kofia. "Ladislaus Mgaya, mwizi wa miche, mnywa ulanzi wa wenzio, kichwa kiazi. Umekimbia kabla hujanilipa kuku wangu. Nilikuja kukutia kwenye gunia, nakuta umejigeuza mti ili usiingie. Mwoga!" Aliendelea hivyo, akatembea mwendo wa marehemu, kiuno kimelegea na mkono mmoja mgongoni. Edigna aliutambua mwendo ule, akacheka ghafla kwa sauti, akajishtukia akatafuta ukuta wenye kikombe. Hapakuwa na ukuta.

Mzee akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini, toto la kiazi? Utani unarithiwa. Baba yako hawezi kunijibu, amekata neno katikati. Nani atanijibu mimi? Nimetoka Songea, nimekuta ukoo mzima mabubu. Chaki tupu kwenye vidole, kichwani ukungu!"

Edigna alifungua mdomo, akaufunga. Maisha yake yote alikuwa akiwafundisha watoto wa watu kutosema. Upepo ulipita, tawi la kusini likatikisika kidogo, halikuinama.

"Na wewe..." Edigna alianza, sauti ikamwishia. "Na wewe, mzee... umechelewa msiba wa baba yangu kwa sababu ulikuwa unachungulia kila shimo la panya kuanzia Songea mpaka hapa!"

Edigna alishika mashavu yake, macho yamemtoka, kama mtu aliyeangusha sahani ya mgeni.

Mbano aliketi juu ya gunia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kwa muda hakuna aliyeweza kujua kama anacheka au analia. Kisha akanyoosha mkono, akaligusa tawi pale lilipokatwa.

"Lala sasa, Ladislaus," aliuambia mti. "Umeacha mtu."